Mikono Mezani

Nyumbani, Jumapili 9 Februari

Mdogo wangu,

Kwanza nimsalimu afande anayezifungua barua hizi kabla yako. Shikamoo, afande. Humu hamna siri, kuna mtoto na makamasi yake tu. Ukiona pa kufuta, futa, ila usitumie wino mwekundu. Huo ni wangu mimi mwalimu.

Chiriku mzima, anakula kama mchwa. Jina la utani ulilompa linamfaa kuliko lile la cheti, maana mdomo haufungi. Asubuhi hii amemwaga unga sakafuni, akaukalia, kisha akaniuliza nani kaumwaga. Nikamwambia, "Ni wewe." Akajigeuza kuitazama alama yake nyeupe, akanijibu, "Si mimi, Mamkubwa. Ni matako." Nimefundisha nusu ya umri wangu na sijapata jibu la hoja hiyo.

Msichana aliyekuwa ananisaidia kaondoka, kapata mchumba. Kwa hiyo sasa naenda na Chiriku kazini. Mwalimu mkuu amefumba jicho moja. Nimemwekea benchi dogo nyuma ya darasa langu la sita, chini ya dirisha, na darasa langu unalijua kwa sifa: pini ikianguka utaisikia. Juzi kachukua rula yangu akaanza kupita dawati hadi dawati. "Mkono!" anasema. Majitu yenye ndevu za kwanza yananyoosha viganja, naye anayachapa moja moja, uso umekunjwa kikazi kabisa. Nilicheka mpaka nikageukia ubao wasinione.

Na ile sheria yangu ya mikono mezani ameishika bila kufundishwa. Mmoja akiitwa mbele kuchapwa, mimi husema, "Mikono mezani!" na wengine wote huweka viganja juu ya meza na kutazama ubao mpaka nimalize. Sitaki mtu ainuke, sitaki mtu acheke, sitaki mtoto aliaye akodolewe macho. Ni heshima ile, ingawa wao wananiita Mama Mkwaju kwa sababu ya fimbo. Basi Chiriku naye huko nyuma huweka vijikono vyake kwenye benchi na kutazama ubao, wala hapepesi macho.

Mchomeleaji, kaka wa marehemu mumeo, alipita Ijumaa. Hakukaa. Alisimama mlangoni na miwani yake ya kazi juu ya paji la uso, akasema damu yao haiwezi kulelewa na dada wa muuaji. Nikamwonyesha karatasi ya ustawi wa jamii, kwamba mtoto ni wangu kumlea mpaka rufaa yako isikilizwe. Akasema karatasi haizuii mlango. Usijali. Nyumba ina mlango na mimi nina mkwaju.

Dada yako,
Mwalimu


Gereza la Wanawake, Alhamisi 20 Februari

Dada,

Ile ya matako nimewasomea wenzangu karakana nzima, na sasa ndiyo usemi wetu. Mtu akiharibu mshono anasema si yeye, ni matako. Tunashona magwanda ya askari wanaotulinda. Maisha haya yana mzaha wake.

Lakini nilipofika kwenye mikono mezani kicheko kilinikauka.

Hujawahi kuniuliza siku ile ilikuwaje, na mahakamani nilijibu nilichoulizwa tu. Leo nakueleza. Ulikuwa mchana, watu wote wapo majumbani mwao, redio zinasikika. Nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja. Baba yake Chiriku aliingia akasema chakula kiko wapi, nikasema bado, akauchomoa mkanda wa cherehani, ule wa ngozi, akanizungushia shingoni. Chiriku alikuwa chini ya cherehani anachezea vipande vya vitambaa. Kabla sauti haijakatika nilimwambia neno moja: nyamaza. Akanyamaza. Akaweka mikono kwenye pedali, akakaa anatazama gurudumu. Macho yangu yakaingia giza, mkono ukagusa pasi, nikaipeleka kichwani kwake kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, na kifuniko kikafunguka. Makaa yalimwagika kwenye nywele zake. Nikampiga tena. Nikampiga akiwa ameshalala, Dada, hilo silifichi. Harufu ya nywele ninayo puani mpaka leo.

Majirani walikuja moshi ulipotoka dirishani. Walimkuta mtoto bado ameshika pedali. Hakuwa amelia.

Mimi shingo ilikuwa imefungwa, na mdomo wake niliufunga mwenyewe. Angelia, mtu angekuja. Mtu angekuja, yule mwanamume angekuwa hai na mimi ningekuwa kwangu napiga pasi. Nalifikiria hilo kila ninapokanyaga cherehani ya humu.

Sikuombi nguo wala sabuni. Nakuomba umfundishe kupiga kelele.

Mdogo wako


Nyumbani, Jumatatu 3 Machi

Mdogo wangu,

Nimekusoma. Nimelia, kisha nikanawa uso, maana kulikuwa na madaftari ya kusahihisha na madaftari hayajui msiba.

Lakini kuhusu kelele, niache nikupinge kama dada yako. Wewe unaona jela, mimi naona darasa. Wiki jana wavulana wawili wametobolana mapaja kwa bikari, kisa kifutio. Damu ilitiririka mpaka kwenye kiatu. Unadhani niliwatenganisha kwa kuwabembeleza? Mikono mezani, kila mmoja akala zake, na vita vikaisha palepale. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hilo hata mama yetu alituambia, na ametuchapa na tumekua.

Na usinifikirie vibaya. Chiriku simgusi. Kuwa karibu na fimbo si kuchapwa.

Sasa nikueleze jambo upate kutulia. Jumamosi Mchomeleaji alikuja tena, safari hii amelewa, na kipande cha nondo mkononi. Alivunja dirisha la sebuleni, vioo vikaingia mpaka kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Mbwa wa jirani alimbwekea, akampiga kwa ile nondo mgongoni mara moja tu, na mbwa hakuinuka tena. Kisha akaanza kitasa. Mimi nilisimama nyuma ya mlango na mkwaju nimeuinua. Nikageuka kumtazama mtoto. Alikuwa ameweka mikono yake juu ya kigoda na macho ameyapeleka ukutani, kwenye kalenda. Hakutoa hata kwikwi! Nje nondo inapiga mlango, vioo vinaanguka, na yeye ametulia kama mwanafunzi wangu bora. Majirani walipokusanyika, Mchomeleaji akaondoka akitukana. Nilimpa Chiriku biskuti mbili kwa adabu yake.

Polisi wameandika maelezo. Fundi ameweka komeo la chuma. Kwa hiyo lala usingizi.

Dada yako,
Mwalimu


Gereza la Wanawake, Jumamosi 15 Machi

Dada,

Ulimpa biskuti.

Nimezunguka na sentensi hiyo karakana nzima. Mtoto anaona mlango unavunjwa anatazama kalenda, na wewe unampa biskuti! Huyo hana adabu, Dada. Huyo amekufa ganzi. Nilimwua ganzi mimi chini ya cherehani na wewe unamzika kwa biskuti.

Nataka nikueleze jambo la Jumatano, ingawa najua litapita chini ya kalamu ya afande. Mwenzetu mmoja alivunja sindano, ya pili wiki hiyo. Msimamizi akachukua ule ubao wa kupimia vitambaa na

(Mistari mitano imefutwa kwa wino mweusi.)

na sisi sote tuliendelea kukanyaga pedali. Tulikanyaga kwa nguvu zaidi, cherehani zikavuma, tusisikie. Mimi pia. Nilishona kola nzima. Nilipoitazama baadaye, mshono ulikuwa umenyooka vizuri kuliko yote niliyowahi kushona.

Umeniandikia mchelea mwana kulia hulia yeye. Vizuri. Basi usichelee. Mwache alie. Akilia nyumba nzima isikie, mtaa usikie. Usiponisikia kwa hili tutakuja kulia mimi na wewe, na hapatakuwa na mtu wa kutusikia.

Mdogo wako


Nyumbani, Jumapili 6 Aprili

Mdogo wangu,

Samahani kwa mwandiko, ninaandika kwa mkono wa kushoto. Niliteleza bafuni, wa kulia uko kwenye plasta. Uzee huo unabisha hodi.

Chiriku mzima. Amelala hapa pembeni yangu. Bado anasema si yeye, ni matako. Anakusalimia sana.

Nitaandika zaidi mkono ukipona. Usihangaike.

Mwalimu


Gereza la Wanawake, Jumatano 16 Aprili

Wewe,

Sitakuita Dada leo.

Barua yako ya mkono wa kushoto nilipewa Ijumaa. Niliifurahia. Nilikupa pole kimoyomoyo kwa kuteleza. Jumapili nikaitwa, "Una mgeni." Nikajua ni wewe. Nikajipangusa uso kwa ukosi wa gwanda, nikaenda karibu nakimbia.

Alikuwa Mchomeleaji. Amembeba Chiriku mkono mmoja.

Wamemnyoa kipara. Mikono yake ina vidoa vyekundu, vya cheche. Ina maana anamkalisha karakana kwake huku anachomelea, hata kitambaa cha kumfunika hampi. Chini ya jicho kulikuwa na uvimbe unaogeuka rangi. Yule mwanamume akacheka, akasema, "Nimemleta akuage. Kuanzia leo mama yake amekufa." Nikaita, "Chiriku! Mama yako hapa!" Akaweka mikono kwenye ubao ulio chini ya wavu unaotutenga na wageni, viganja chini, akatazama ukuta. Mama yake anamwita na anatazama ukuta.

Sikumbuki nilivyoupanda wavu. Nakumbuka vidole vyangu viwili vilipita kwenye tundu vikaukamata mdomo wa chini wa Mchomeleaji, nami nikavuta. Alipiga yowe kama ng'ombe. Sikuachia. Askari walinivunja kidole ndipo nikaachia, na kucha zilitoka na nyama yake. Nimekaa chumba cha peke yangu mpaka leo asubuhi. Kumbe hata mimi nilikuwa sipigi kelele. Nilikuwa navuta kimyakimya tu.

"Amelala hapa pembeni yangu." Uliandika hivyo. Wewe unayewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo.

Nieleze kila kitu. Usipunguze hata neno. Na wewe afande unayesoma, kama una mtoto, usifute majibu yake.

Mama yake Chiriku


Nyumbani, Jumapili 27 Aprili

Mdogo wangu,

Niliogopa. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Nilifikiri nitampata kabla hujajua. Sasa nakueleza bila kupunguza.

Ilikuwa Jumanne, kipindi cha tatu, tunafanya hesabu za sehemu. Kiherehere, msichana ninayemchapa kuliko wote kwa sababu macho yake hayatulii, alikuwa mbele amepiga magoti kando ya ubao, ametazamana na wenzake ili aone haya. Nilikuwa nimeshasema, "Mikono mezani!" Mkwaju ulikuwa juu ya meza yangu, nilikuwa nautafuta kwa mkono.

Mchomeleaji aliuchukua kabla yangu. Sikuwa nimemwona akiingia. Alivaa glavu zake za ngozi. Akasema, "Habari za kazi, mwalimu," akanipiga nao begani. Nilipoinua mkono kujikinga, alipiga mkono, na nikausikia mfupa ukikatika kama chaki. Nikaanguka. Akanipiga mgongoni, akanipiga kichwani, mkwaju ukakatika akaendelea kwa buti. Mbavu mbili, jino moja. Damu iliingia jichoni, lakini lile jicho jingine liliona vizuri.

Nilikuwa sakafuni, kwa hiyo niliona miguu kwanza. Miguu yote chini ya madawati, imetulia, viatu vimepangwa sawa. Nikainua macho. Mikono yote ilikuwa mezani. Macho yote yalikuwa ubaoni, kwenye robo tatu niliyokuwa nimeiandika. Yupo mvulana mstari wa mbele, mkubwa kuliko Mchomeleaji mwenyewe, anabeba magunia siku za mapumziko. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye daftari na viganja vyake havikutoka mezani.

Nilipiga kelele, mdogo wangu. Nilisema, "Nisaidieni!" Sauti ilitoka. Lakini katika darasa langu mtu akipigwa hulia, na wengine hutazama ubao. Walifanya nilichowafundisha.

Chiriku alikuwa kwenye benchi lake anafanya vilevile. Yule mwanamume akamnyanyua kwa mkono mmoja kama mfuko wa saruji. Hakulia. Alipopitishwa mlangoni mikono yake ilikuwa bado imenyooka mbele, viganja chini, utadhani meza ipo.

Polisi walikuja. Waliwauliza watoto mmoja mmoja mmeona nini. Kila mmoja alisema, "Tulikuwa tunatazama ubao." Mwalimu wa darasa la jirani alinikuta nimelala sakafuni, Mchomeleaji ameshaondoka. Mchomeleaji akawaambia polisi mimi ndiye nilimwita nimkabidhi mtoto, nikaanguka kwenye ngazi ya darasa. Na akapeleka malalamiko ustawi wa jamii, kwamba mtoto wa ndugu yake alikuwa anakuzwa kwenye machinjio ya Mama Mkwaju. Wakaamua akae kwake mpaka uchunguzi uishe. Hapo nikakuandikia ule uongo.

Juzi nilirudi darasani na plasta yangu. Niliposhika kitasa tu nikasikia viganja vikigonga meza, pa! Hakuna aliyewaambia. Nikashindwa kuingia kwa muda. Kisha nikaingia nikawauliza, "Kweli hakuna hata mmoja aliyeona?" Wakatazama ubao. Nikawaomba. Mimi, mdogo wangu, nikawaomba. Ndipo Kiherehere akasema, "Mimi niliona yote, mwalimu. Mimi sikuwa na meza."

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia polisi. Akasema polisi walipofika kwake walimuuliza alikuwa ameketi wapi, akasema hakuwa ameketi, wakadhani hakuwemo darasani, wakapita.

Tarehe nane mwezi ujao, Alhamisi, tunaitwa ustawi, sote. Kiherehere atasema. Wataniuliza kama ninachapa, naye atawaambia ndiyo, na hapo tunaweza kumpoteza mtoto kabisa. Sitamwambia binti wa watu adanganye. Nimekwisha kuona uongo unavyozaa.

Dada yako, ukinikubali


Nyumbani, Jumapili 11 Mei

Mdogo wangu,

Amerudi. Nianze na hilo, mengine yafuate.

Ofisa wa ustawi ni mama mmoja mwenye miwani minene, hacheki wala hanuni. Mchomeleaji aliketi na mdomo wake ulioshonwa, kazi yako ile, Mungu anisamehe nilivyoitazama. Kiherehere akasimama. Akaeleza glavu, akaeleza buti lipi lilipiga wapi, akaeleza mtoto alivyobebwa. Ofisa akamuuliza, "Na mwalimu huyu, anawachapa?"

"Anatuchapa."

"Sana?"

"Sana. Mimi ndiye ananichapa zaidi." Nikatazama vidole vyangu vinavyotoka kwenye plasta.

"Sasa kwa nini nimrudishie mtoto?"

Alifikiri. Akasema, "Mwalimu akichapa huwa anaacha. Huyu hakuacha. Aliondoka tu."

Mchomeleaji akaruka juu ya meza. Mbele ya ofisa, mbele ya karani, akamtandika yule binti kofi lililomwangusha na kiti chake, akamfuata chini kwa goti. Na Kiherehere akapiga ukelele, mdogo wangu! Ukelele ule ulipasua ofisi. Watu walitoka vyumba vyote, mlinzi, wapiga chapa, mzee aliyekuja kufuatilia pensheni na fimbo yake ya kutembelea. Yule mzee ndiye aliyempiga Mchomeleaji ya kwanza, kwenye kisogo. Wakamlaza chini, wakamfunga mikono kwa mkanda wa suruali yake mwenyewe, na damu ya mdomo ikachafua zulia la serikali. Sasa yuko rumande, na ofisa hakuhitaji shahidi mwingine.

Masharti ni kwamba fimbo isiingie tena nyumbani kwangu wala katika darasa anamokaa mtoto. Mwalimu mkuu naye amenipa onyo la maandishi. Nimeyatia saini yote kwa mkono wa kushoto.

Ila nisikufiche. Mtoto haongei. Tangu arudi hajatamka neno. Sahani ikigongana anaweka mikono chini na kutazama ukuta. Jina lake sasa limekuwa kejeli.

Dada yako,
Mwalimu


Gereza la Wanawake, Jumanne 20 Mei

Dada,

Nimekurudishia jina lako.

Mpe sufuria na mwiko. Apige mpaka majirani walalamike. Wakilalamika wape nao sufuria.

Rufaa imepangiwa Septemba. Wakili anasema alama ya mkanda shingoni mwangu ilipigwa picha hospitalini siku ile, na mwanzoni hakuna aliyeiomba. Sitaki kutumaini sana. Natumaini.

Kidole kimeunga vibaya, kimepinda. Nashika nacho uzi vizuri zaidi, shangaa.

Mdogo wako


Nyumbani, Jumapili 15 Juni

Mdogo wangu,

Ninaandika nimekaa upande mmoja wa kiti. Ngoja nikueleze kwa nini.

Sufuria hakuigusa. Nikaja na dawa yangu. Kila siku baada ya mapumziko darasa zima tunafungua madirisha na kupiga kelele, mpaka tuhesabu ishirini. Mwalimu mkuu amenijia juu, mwalimu wa hesabu hanisalimii. Watoto mwanzoni waliona haya, sasa wanapiga mpaka mishipa ya shingo inatoka. Chiriku anatutazama kutoka kwenye benchi lake kama watu walioingiliwa na pepo. Neno hakuna.

Alhamisi yule mvulana wa magunia alimpiga mwenzake ngumi, pua ikapasuka, damu mpaka kwenye ramani ya dunia. Nilifika pale na hasira zangu zote za zamani. Sina fimbo, lakini nina kiganja. Plasta imetoka na mkono wangu unakumbuka njia. Nikamzaba kofi. Nikainua tena. Na darasa, mdogo wangu, baada ya kelele zote zile za madirishani, darasa lilinyamaza. Nikasikia viganja vikianza kushuka mezani, kimoja, kingine.

Kisha nikasikia, "Wacha!"

Sauti ndogo, ya nyuma. Sikuelewa imetoka wapi. "Wacha! Wacha! Wacha!" Na kabla sijageuka, kitu kimenipata kwenye paja, juu kwa nyuma, na maumivu yakanipanda mpaka utosini. Chiriku ameniuma. Ameniuma ameng'ang'ania, anapiga kelele huku ananing'ata, mate na damu vinamtoka pamoja, na miguu yake inanipiga teke. Nikapiga yowe mimi, Mama Mkwaju. Na darasa likasimama. Wote. Madawati yakaanguka. Wananikemea! "Muache, mwalimu! Muache!" Kiherehere amepanda juu ya meza. Yule mvulana mkubwa ameushika mkono wangu uliokuwa juu, na ameushika kwa nguvu, wala hakuwa anatetemeka. Niliwaogopa, nakuambia kweli. Kwa mara ya kwanza nilisimama mbele ya darasa langu nikawaogopa. Na katikati ya woga ule nilikuwa nalia kwa furaha.

Nikaketi sakafuni, kwa uangalifu. Nikamwomba yule mvulana msamaha mbele ya wenzake. Chiriku alikuwa amesimama mbele yangu anahema, kidevu chekundu, ananitazama usoni. Nikamuuliza, "Nani ameniuma?"

Akafikiri.

"Si mimi, Mamkubwa," akasema. "Ni meno."

Nesi ameniosha jeraha. Anasema alama itabaki, lakini kuna mafuta mazuri ya kuifuta nikiyapaka mapema. Nitayanunua kesho.

Dada yako,
Mwalimu


Gereza la Wanawake, Jumanne 24 Juni

Dada,

Usiyapake.

Nikitoka, alama hiyo ndicho kitu cha kwanza nitakachoomba unionyeshe.

Mdogo wako